Mwaka wangu kwa Wayahudi na Jumamosi tatu nilizouza

Najua nimekuwa kimya. Kazi ya habari ukiwa kijana ni kama ukondakta, ukishuka tu gari jingine linakuita. Leo ni Ijumaa, jua bado liko juu, nimepata saa chache za kuandika jambo linalonisumbua.

Juzi kijana mmoja wa hapa mtaani Buzuruga alikuja nyumbani akiongozana na mama yake. Kijana amemaliza chuo, kazi hakuna, anatafuta nafasi ya kwenda nje mwaka mmoja kujifunza kilimo kwa vitendo. Mama yake yuko tayari kukopa kwenye kikoba. Wamesikia kwamba mimi nilishawahi kwenda Israeli kwa mpango wa namna hiyo, wakataka kujua maisha ya kule yakoje, na je, inalipa?

Niliwajibu juu juu, chai ikaisha, wakaaga. Lakini usiku sikulala vizuri, maana kuna sehemu niliiruka. Leo naiandika yote.

Niliondoka Oktoba 2018 na kurudi Agosti 2019. Nilikuwa nimemaliza stashahada ya kilimo pale Ukiriguru na nilishachoka kupeleka barua za maombi. Mama alikuwa, na bado ni, muuza dagaa na samaki wa kukaanga karibu na stendi ya Buzuruga. Alikopa kikoba milioni mbili na nusu: tiketi, viza, bima, na begi lenye magurudumu ambalo gurudumu moja lilibaki uwanja wa ndege wa Addis Ababa.

Sasa kabla sijaendelea, msomaji uelewe kwanza sisi ni akina nani. Sisi ni Wasabato. Nyumbani kwetu Ijumaa jioni jua likizama tunafungua Sabato kwa wimbo na sala, na Jumamosi hakuna kazi mpaka jua lizame tena. Ukikulia Buzuruga ukiwa Msabato unajua gharama yake. Mechi za shule ni Jumamosi. Masomo ya ziada ni Jumamosi. Na biashara ya samaki, siku yake hasa ni Jumamosi, watu wana hela na hawaendi kazini. Mama hajawahi kufungua meza yake siku hiyo hata mara moja. Wateja wake humaliziwa na mama wa meza ya jirani. Isitoshe kambale hatuli kwa sababu hana magamba, na kwa mji ulio kandokando ya ziwa hilo ni jambo la kuchekwa. Shule ya msingi wenzangu walikuwa wakiniita "Myahudi".

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kwenda kwa Wayahudi wenyewe, nyumbani ilionekana kama mpango wa Mungu. Mchungaji aliniombea mbele ya kanisa. Nami nilijiambia, angalau huko Jumamosi sitakuwa kichekesho.

Basi bwana, nikafika. Walitupeleka Arava, bonde la jangwa lililoko kusini ya Bahari ya Chumvi, kando ya mpaka wa Yordani. Mvua ya mwaka mzima pale haifiki hata milimita 50. Hapa Mwanza tunapata karibu 1,000 na bado tunanunua nyanya za kutoka mbali. Kule kwenye mchanga mtupu wanavuna pilipili hoho na tende na kuziuza Ulaya. Siri ni maji ya matone, mipira myembamba yenye vitundu inayonywesha kila mche peke yake, ufundi ambao Waisraeli walianza kuuuza kibiashara tangu miaka ya 1960. Nilisimama kwenye kitalu nyumba siku ya kwanza nikawakumbuka wakulima wa kwetu wanaobeba ndoo kutoka ziwani.

Tuliishi kwenye moshavu, yaani kijiji cha wakulima ambapo kila familia ina shamba lake. Wanafunzi tulikaa kwenye nyumba za kontena, wanne wanne. Chumbani kwangu kulikuwa na Mnepali, Mvietnamu, na Mkenya wa Kisii ambaye naye, amini usiamini, ni Msabato. Siku tano kazini, siku moja darasani, siku moja mapumziko. Saa kumi na moja alfajiri uko kwenye trekta umevaa kofia na skafu kama Mtuaregi. Ukirudi mchana ni kupika kwa zamu. Mnepali dengu, Mvietnamu supu, sisi wawili ugali wa unga wa njano ambao haukazi hata uusonge kwa hasira. Kufua ni Alhamisi. Kuongea na nyumbani ni usiku, intaneti ikiwa na nguvu.

Lugha ilinipa kituko wiki ya kwanza. Kiebrania kina maneno ambayo Mswahili anayatambua kama ndugu waliopotezana: mia wao wanasema mea, elfu ni elef, saba ni sheva, ishirini ni esrim. Nikajiona mtaalamu. Tukaambiwa darasa linaanza "yom sheni", maana yake siku ya pili. Siku ya pili si Jumapili? Jumapili asubuhi nikavaa shati, nikachomekea, nikaenda kukaa mbele ya mlango uliofungwa saa nzima, huku shambani natafutwa kwa simu. Kumbe wao wanaanza kuhesabu Jumapili, kwa hiyo siku ya pili ni Jumatatu. Siku zao zote ni namba tu, isipokuwa ya saba, ambayo peke yake ina jina: Shabati. Sisi kwa Kiswahili siku hiyo hiyo tunaiita mosi. Yule wa Kisii alicheka wiki nzima.

Lakini siku yao inaanza jua linapozama, kama tulivyofundishwa nyumbani. Ijumaa mchana utaona mabasi yanapungua, duka linafungwa, harufu ya vyakula inatoka kila dirisha. Majira ya baridi kule jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Halafu kimya. Wapendwa, sijui niwaelezeje kile kimya. Trekta zimelala, barabara tupu, mtu akikukuta njiani anakwambia "Shabat shalom", sawasawa na sisi tunavyosema "Sabato njema". Ijumaa ya kwanza nilitoka nje nikasimama tu. Miaka yote nilikuwa nimezoea Sabato kuwa ukuta kati yangu na wenzangu, na hapa kijiji kizima kilikuwa upande wangu wa ukuta.

Mama alikuwa anapiga simu Ijumaa hiyo, na ikawa desturi. Tunaimba wimbo mmoja kwa WhatsApp, sauti ikikatikakatika, anaomba, tunafungua Sabato. Kwangu jua limeshazama, kwake Buzuruga bado kama saa nzima, maana kwetu linazama karibu saa moja usiku. Alikuwa anafunga meza mapema ili awahi ile saa yangu.

Sasa nifike kwenye sehemu niliyoiruka.

Mshahara wa sheria wakati ule ulikuwa shekeli 29 na kidogo kwa saa, kama shilingi 18,000 za kwetu. Ukiupigia hesabu ukiwa Buzuruga unajiona tajiri. Lakini kuna kodi ya nyumba, bima, ada ya masomo, chakula. Waliotupeleka hawakutufungulia ukurasa wa makato, na sisi hatukuuliza, tulikuwa tunatazama ndege tu. Kufika Desemba nilikuwa nimetuma nyumbani robo tu ya deni. Riba ya kikoba haijui kwamba mtoto wako yuko jangwani. Mama hakulalamika, ila dada alinitumia ujumbe kwamba wanachama wameanza kumsema kwenye vikao.

Januari ni msimu mkubwa wa hoho. Mwenye shamba, mzee mpole ambaye si mtu wa dini hata kidogo, alitukusanya akasema bila kulazimisha mtu: mboga hazijui Shabati, anayetaka kufunga maboksi Jumamosi atalipwa saa moja kwa moja na nusu, kama sheria inavyotaka kwa anayefanya kazi siku yake ya mapumziko. Nikapiga hesabu kichwani. Saa nane ni zaidi ya laki mbili kwa siku moja.

Ijumaa ile mama alipiga simu kama kawaida. Tukaimba. Akaomba Mungu anilinde katika siku yake takatifu. Nikasema amina. Kesho yake alfajiri nikavaa mabuti.

Yule wa Kisii alikuwa macho, amelala chali. Hakusema kitu. Niliporudi jioni nikakuta ameniwekea chakula amekifunika na sahani. Hiyo sahani iliniuma kuliko kama angenisema.

Nilikwenda Jumamosi tatu. Hela nikatuma nikamwambia mama ni bonasi ya msimu. Nilijipa sababu zote: Injili inaruhusu kumtoa ng'ombe kisimani, na mimi ng'ombe wangu ni deni. Lakini mtu ukianza kujitafutia aya, ujue umeshajihukumu.

Februari 2019 walifika vijana wa Kiyahudi kutoka Marekani, kama ishirini hivi, wakakaa wiki tatu wakitusaidia shambani. Nieleze kidogo. Wengi wao wakimaliza sekondari hawaendi chuo moja kwa moja. Wanachukua mwaka mmoja katikati wanakuja Israeli, wanajifunza Kiebrania na Torati, wanatembea, wanajitolea huku na kule. Serikali ya Israeli na Shirika la Wayahudi waliunda hata chombo cha kusimamia mipango hiyo, kinaitwa Masa, mwaka 2004. Na sisi Watanzania tuna mfano wetu. JKT, ambayo waliosaidia kuipanga ilipoanzishwa 1963 walikuwemo Waisraeli, ilikuwa ikiwachukua vijana wa kidato cha sita kabla ya chuo, ikasimama 1994, ikarudi 2013. Tofauti ni kwamba kwetu unakwenda kwa mujibu wa sheria, wao wanakwenda kwa mujibu wa wazazi.

Walikuwa vijana wazuri, wachapakazi kwa siku mbili za mwanzo. Walikuwa wanapiga picha na hoho. Wazazi wao wamelipa ili wao waje kuchuma. Sisi tunalipwa kwa kuchuma, kisha tunakatwa ili tusome. Nilikuwa nalifikiria hilo nikiwaangalia, kwa wivu kidogo, sikatai. Lakini wakiwa kwenye foleni ya bafu tulikuwa sawa: wote tumekumbuka chakula cha kwetu, wote tunahesabu siku, wote mama zetu wanapiga simu wakati mbaya.

Ijumaa moja walitualika chakula cha Shabati. Mishumaa, divai, mikate miwili iliyosukwa kama nywele na kufunikwa kitambaa, nyimbo za kupiga meza. Baada ya kuku mimi, mtu wa Mwanza, nikaomba chai ya maziwa. Meza nzima ikanyamaza. Nyama na maziwa kwao havikai pamoja. Nilijitetea kwamba mimi ni Msukuma, maziwa ni haki yangu ya kuzaliwa. Wakacheka, nikapewa chai ya mkandaa na majani ya mnanaa.

Binti mmoja wa Chicago aliyekaa karibu yangu akaniuliza nyumbani tunasali wapi. Nikamweleza kuhusu Wasabato wa Buzuruga, Ijumaa jioni, meza ya mama isiyofunguliwa Jumamosi, kambale tusiowala. Akaweka uma chini. Akaniambia kwao, Wayahudi kabisa, hawakuwahi kushika Shabati. Baba yake ana duka, Jumamosi ndiyo siku ya mauzo. Mwaka huu ndio wa kwanza katika maisha yake kuzima simu siku nzima, na wiki za mwanzo mikono ilikuwa inamtetemeka. Kisha akasema, kwa heshima tele, kwamba anamwonea wivu mtu aliyelelewa hivyo, mtu ambaye kwake ni kitu cha kawaida.

Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimefunga maboksi 140.

Sikumwambia. Nilikunywa chai yangu ya mkandaa nikaenda kulala. Kesho yake sikwenda bandani. Nilikaa nje ya kontena na yule wa Kisii, tukasoma lesoni, yeye kwa Kiingereza mimi kwa Kiswahili. Jioni zilipotoka nyota tatu, ambazo kwa Wayahudi ndizo dalili kwamba Shabati imekwisha, nikampigia mama nikamwambia.

Alinyamaza. Nikasikia pikipiki zikipita kule stendi. Akasema: "Nilijua tangu ile ya kwanza. Bonasi gani hiyo inakuja kila wiki?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema nini, na kikoba walikuwa wamekaa sebuleni? Ile hela nimeshalipa, mwanangu. Na mimi nimeila. Basi hiyo dhambi tutagawana, nusu yako nusu yangu. Usirudie."

Yakaisha hivyo. Hakuna siku nyingine alipolitaja tena mpaka leo. Jumatatu nilimwambia yule mzee mwenye shamba kwamba Jumamosi sitakuja tena. Akasema sawa, akafuta jina langu kwenye karatasi. Deni lililobaki tulilimaliza Julai, polepole, kwa hoho na kwa dagaa.

Kabla ya kurudi walitupeleka kaskazini kuona Ziwa Galilaya, wao wanaliita bahari. Ni kilomita za mraba 166 hivi. Ukerewe yetu peke yake ni zaidi ya mara tatu ya hiyo bahari! Pale hotelini wakatuletea samaki kwa bei ya kutisha, samaki wa Mtakatifu Petro. Kuangalia vizuri, sato. Nilimpiga picha nikamtumia mama, akajibu kwamba hajakaangwa akakauka.

Ningeweza kuishia hapo, lakini haitakuwa haki. Tarehe 7 Oktoba 2023 ilikuwa Jumamosi. Mama alipotoka kanisani alinikuta sebuleni natazama habari, akakaa bila hata kuvua viatu. Baadaye sote tukayajua majina mawili: Clemence Mtenga, miaka 22, na Joshua Mollel, miaka 21, Watanzania waliokwenda kujifunza kilimo kama mimi, wakauawa siku ile kwenye vijiji vya karibu na Gaza. Mwili wa Joshua ulirejeshwa Novemba 2025, zaidi ya miaka miwili baadaye. Alikuwa hajamaliza hata mwezi mmoja tangu afike. Nilifikiri juu ya hilo la mwezi mmoja. Wiki hizo mtu ndio kwanza anachanganya Jumapili na Jumatatu, bado hajajua ni nani chumbani anayekoroma. Na vita iliyofuata ikamaliza maelfu ya watu wa Gaza, nao wana mama zao. Mimi nilifanya kazi na kula na watu wa kule, siwezi kuandika kana kwamba sikuwajua, wala siwezi kufumba macho kwa waliokufa ng'ambo ya ule uzio.

Mama aliniuliza kitu kimoja tu siku ile. Aliuliza, "Ile milioni mbili na nusu, kama ingekuwa wewe, ningemdai nani?"

Sasa mdogo wangu uliyekuja juzi, hili ndilo jibu lako. Sikwambii nenda, sikwambii usiende. Nilijifunza kilimo, na habari za kilimo ndizo zilizonipa kazi ninayoifanya sasa. Lakini kabla mama yako hajaweka kidole gumba kwenye daftari la kikoba, omba karatasi ya makato uisome mpaka mwisho. Uliza darasa ni siku ngapi kwa wiki na kazi ni siku ngapi. Uliza pasipoti atakaa nayo nani. Uliza likitokea la kutokea, nani atapiga simu nyumbani kwenu, na kwa namba ipi. Halafu kaa na mama yako, muambizane ukweli kuhusu hela tangu mwanzo, ili ukifika kule usilazimike kumwita mtu "bonasi".

Kuhusu kama inalipa, mimi ililipa, kwa hesabu ya shilingi. Zile Jumamosi tatu bado sijui niziandike upande gani wa daftari.

Mama ananiita. Ameshafunga meza, dagaa wameingizwa ndani, anasema jua limeanza kushuka nyuma ya mawe na mimi bado nimeinamia kompyuta. Mhariri naye ametuma ujumbe kwamba kesho asubuhi kuna mkutano wa kuripoti. Nimemjibu kwamba Jumapili nipo.

Sabato njema, wapendwa. Na msio Wasabato, wikiendi njema.